Mvua ya Picha Sitini

4 Februari

Kwa Mzee Sitini, Chumba cha Majaribio

Shikamoo mzee wangu.

Hatujaonana, na kwa jinsi kampuni ilivyozitenga ofisi zetu, mimi mji huu na wewe mji ule, huenda tusionane. Mimi ndiye niliyechora mvua. Hapa ofisini wananiita Mama Mawingu. Wewe wote wanakuita Mzee Sitini, na wakikutaja wanashusha sauti kama watoto waliosikia baba anakohoa nje. Kwa hiyo nakuandikia kwa adabu, ingawa moyo wangu haujatulia.

Nimekatazwa kukupigia simu au kukuandikia kwa kompyuta. Mashine hii mpya ya gemu haijafika madukani, na wenyewe walioitengeneza wametufunga midomo. Lolote linaloihusu liandikwe kwa mkono, liwekwe sandukuni pamoja na diski, sanduku lipigwe kufuli, dereva alibebe. Basi tumerudi enzi za barua. Labda kwako wewe si ugeni.

Jana sanduku lilirudi na ripoti yako. Mvua ile nimeifanya miezi minane. Kabla ya hapo nilichora mapazia ya jukwaa la maigizo miaka ishirini na saba, misitu na majumba na anga, kwa brashi pana kama ufagio. Niliingia kwenye gemu nikiwa mtu mzima, nikaketi na vijana walionizidi kila kitu isipokuwa macho. Nilifungua ripoti nikitegemea walau ukurasa mmoja. Nikakuta hivi: "Darajani. Mvua. Wachezaji sitini na wanne. Picha arobaini na moja. Ondoa mvua."

Mistari miwili kwa miezi minane.

Naomba uitazame tena, mzee wangu, ukiwa umepumzika.

Wako,
Mama Mawingu


9 Februari

Kwa Mama Mawingu

Marahaba.

Nimeitazama tena, mara ishirini. Arobaini na moja, arobaini na tatu, na mara moja arobaini na tano kwa sababu wachezaji kadhaa walitumbukia mtoni.

Naona sikueleza vizuri. Gemu ni picha nyingi zinazofuatana, na mashine inazichora papo kwa papo. Sisi tumeahidi picha sitini kila sekunde. Ina maana kwa kila picha mashine inapewa sehemu moja ya sitini ya sekunde kuchora daraja, mto, watu sitini na wanne, vivuli vyao na risasi zao, huku inaisikiliza seva, ile kompyuta kuu ya mtandaoni, ikisema nani yuko wapi. Ikichelewa, picha inayofuata inasubiri, na mkono wa mchezaji unasubiri pamoja nayo. Mashine ni mpya na ina nguvu, lakini si mganga. Mvua yako imekaa mezani na wenzake kumi, ikala nusu ya sinia peke yake.

Ingekuwa gemu ya mtu kucheza peke yake ningenyamaza. Hii watu wanakutana mtandaoni, mmoja huku, mwingine kule. Anayepata picha arobaini anapambana na anayepata sitini. Yule wa sitini anamwona mwenzake akichomoza nyuma ya nguzo, analenga, anafyatua. Wa arobaini bado anatazama nguzo tupu. Anakufa hajui kilichompata, halafu anadhani yeye ni mchezaji mbovu.

Mvua yako inaua watu, mama. Iondolewe.

Sitini


15 Februari

Mzee Sitini, shikamoo.

Nimelelewa kwamba mkubwa akisema, mdogo anameza. Nimemeza siku tatu. Ya nne imenikwama kooni.

Umeniita mlafi, mzee, kwa lugha ya heshima, na nimekuelewa. Lakini nani atanunua mashine mpya ili aone daraja kavu? Madaraja makavu wanayo kwenye mashine zao za zamani. Watu wanataka kuwasha kitu kile sebuleni na mtu aliyekuwa anapita na beseni la nguo asimame.

Hata hivyo shauri letu limepata mwamuzi. Meneja amesema mchezaji atachagua mwenyewe. Akifungua gemu atakuta milango miwili. Mmoja unaitwa Ubora: mvua yangu yote, madimbwi, vivuli, kila kitu, picha zije zitakavyokuja. Wa pili unaitwa Wepesi: mvua hakuna, picha sitini. Kila mtu na roho yake. Mimi nimeridhika, na wewe nadhani utapumzika. Kwa umri wako, mzee, si vizuri kugombana na mvua.

Mama Mawingu


20 Februari

Mama Mawingu,

Sijaridhika bado. Nimeijaribu hiyo milango miwili.

Chumbani kwetu tuko wajaribu wanane. Wanne nimewapa Ubora, wanne Wepesi, waliobaki uwanjani ni wachezaji bandia wanaoendeshwa na mashine. Wote wanane tunalingana, tunajuana hadi nani anakohoa kabla ya kufyatua. Mechi ishirini darajani. Wepesi walishinda kumi na sita. Nikasema labda ni bahati, nikawabadilisha viti, waliokuwa Wepesi wakawa Ubora. Mechi nyingine ishirini. Walewale waliokuwa wanatamba wakapigwa mara kumi na tano. Mmoja alitupa padi ya kuchezea mezani akasema viungo vimemzeeka ghafla.

Kwa hiyo hiyo milango si ya kuchagua. Kila anayetaka kushinda atakimbilia Wepesi, na mvua yako hataiona maisha yake. Atakayeiona ni yule aliyependa kuitazama, naye ndiye atakayeuawa. Hilo linaniudhi kuliko namba yenyewe.

Sasa nikwambie jambo ambalo halimo kwenye ripoti. Wenzangu walipotoka kula mchana, mimi nilibaki. Nikaingia Ubora peke yangu, nikatupa bunduki, nikasimama katikati ya daraja. Nikaona matone yanavyotembea chini ya bomba la ukingo wa daraja kabla ya kudondoka. Hayadondoki pale yalipotua. Yanatembea kwanza. Nikainama kuyafuata hadi nikasahau kula.

Sijawahi kuona kazi ya mtu aliyeyatazama maji kiasi hicho. Nikiandika "iondolewe" usidhani sijaiona.

Sitini


2 Machi

Mzee wangu, shikamoo.

Barua yako nimeisoma nimesimama, kisha nikaisoma nimekaa.

Lile tone la bombani hakuna aliyewahi kuligundua. Meneja hajaligundua. Vijana ninaokaa nao, wenye macho ya tai, hawajaligundua. Ngoja nikwambie lilikotoka. Mwaka juzi mume wangu alivunjika mguu, akalala nyumbani wiki saba, kitanda tukakisogeza dirishani. Mvua ilikuwa ya kila siku. Yeye hana la kufanya, mimi sina jipya la kumwambia, tukawa tunatazama ngazi ya chuma ya jengo la jirani. Siku moja akaniambia, "Unaona, tone halidondoki linapotaka. Linatembea hadi likutane na mwenzake. Wakiwa wawili ndipo wanadondoka." Mguu ulipopona nikamwambia alale tena kidogo, bado sijamaliza kuangalia.

Sasa nakuuliza kama mwanafunzi. Kitu gani hasa kinakula? Usinifiche kwa kunionea haya. Huko kwenye jukwaa fundi taa alikuwa akiniambia pazia lako zuri lakini linanimeza taa zangu, na tulikuwa tunakaa chini tunalirekebisha. Wewe ni mtu uliyekula chumvi nyingi. Nifundishe.

Halafu dereva ameniambia chumba chenu kiyoyozi hakizimwi kwa ajili ya mashine, mnakaa mnatetemeka. Ndani ya sanduku, chini ya diski, kuna sweta. Nimelifuma mwenyewe. Kifua nimekisia, na tumboni nimeacha nafasi, maana wazee wengi huwa na kitambi kidogo. Nilipomuuliza dereva umbo lako alicheka tu, akasema fuma, mama, utakavyofuma litafaa.

Mama Mawingu


8 Machi

Mama,

Sweta limefika. Limenitosha na kubaki. Wenzangu wamecheka hadi dereva akatafuta kiti, na leo sitakwambia kwa nini. Nimelivaa, sijalivua tangu Jumanne.

Umeniuliza kinachokula. Cha kwanza ni wingi. Una matone laki nne yanayoanguka kwa wakati mmoja, na mengi yako mbali, ng'ambo ya mto, ambako mchezaji anaona ukungu tu. Mengine yananyesha nyuma ya kisogo chake. Mashine haijui kwamba hakuna anayeyaona, inayachora yote kwa uaminifu. Cha pili ni madimbwi. Kila dimbwi umelifanya kioo, na kila picha mashine inarusha miale kutoka dimbwini kwenda kutafuta kila kitu kinachostahili kuonekana humo, hadi vidirisha vya jengo la nyuma. Madimbwi mia moja na kumi, nimeyahesabu. Hicho ndicho kisu kikubwa. Cha tatu ni ukali wa picha. Tumeufunga kwenye kiwango cha juu kabisa, haushuki hata watu sitini wakikutana mahali pamoja, wakati hapo hakuna mwenye nafasi ya kuhesabu nyuzi za shati la adui.

Mimi najua kinachokula. Kitakachobaki kizuri baada ya kupunguza, hicho sikijui. Ni kazi yako.

Lakini muda hatuna. Kuna fomu inayopelekwa kwa wenye mashine, wanaoamua kama gemu itaruhusiwa kuuzwa. Imeandikwa: picha sitini kila wakati, ndiyo au hapana, saini ya mjaribu. Meneja alikuja nayo hapa juzi akaketi pembeni yangu.

"Andika sitini," akasema.

"Ni arobaini na moja."

"Bila mvua ni sitini. Ijaribu bila mvua. Mvua yenyewe inanyesha mechi moja kati ya tano."

"Basi mechi moja kati ya tano fomu itakuwa ya uongo."

"Sitini, nani atakaa kuhesabu?"

"Mimi."

Akaacha fomu mezani. Wenye mashine wanakuja ofisini kwenu tarehe thelathini, anaitaka kabla ya hapo. Akiwa mlangoni akaniambia wanaotafuta kazi ya kujaribu gemu wako wengi. Hakupaza sauti. Ndiyo maana naogopa.

Sitini


13 Machi

Mzee wangu, shikamoo, na pole.

Nimesoma barua yako, nikazima simu, nikawaambia vijana, anayenitafuta aambiwe nimekwenda kwa daktari wa meno. Siku nne sijatoka kwenye kiti ila kwa kulala na kunawa.

Nilikumbuka kitu nilichokuwa nakijua tangu ujana wangu. Kwenye jukwaa ukitaka msitu, unachora miti mitatu vizuri, ile ya mbele. Iliyobaki unaipaka tu rangi ya giza, na mtazamaji anaimaliza mwenyewe kichwani, tena anaimaliza vizuri kuliko wewe. Mimi nilipopewa mashine yenye nguvu nikalewa. Nikachora kila jani.

Basi mvua ya ng'ambo ya mto nimeifuta, nikatundika pazia. Pazia kabisa, mzee, kama zamani, lenye michirizi inayoshuka. Matone ya kweli nimeyabakiza hatua kumi kumzunguka mchezaji, na kisogoni hakuna kitu. Akigeuka yanakuwa yameshafika. Madimbwi nimeyaacha kumi na mawili yawe vioo, yale anayoyapita mtu akivuka daraja. Mengine nimeyapaka picha ya anga niliyoitengeneza mapema. Nimemwita kijana mmoja hapa nikamuuliza lipi kioo, lipi rangi. Amekosea mara tisa kati ya kumi, na huyo ndiye fundi wetu wa vioo.

Halafu kuna hili. Anayekimbia haitazami mvua. Kwa hiyo akikimbia, mvua inapungua. Akisimama, inaanza kujaa, na tone linaanza kutembea bombani. Bomba sijaligusa, mzee. Nimeuza kila kitu isipokuwa bomba.

Ukali wa picha nimewaomba vijana waulegeze, ushuke kidogo watu wakisongamana, upande tena wakitawanyika.

Habari nyingine njema: nimeomba safari ya huko, wamekubali. Tarehe ishirini na tano nitafika Chumba cha Majaribio, nikusalimie kwa mkono, nikae miguuni pako unionyeshe unavyoangalia. Nimemwambia mume wangu nakwenda kumwona mtu aliyenipa kazi upya nikiwa na miaka hamsini na moja. Ameona wivu kidogo. Nimemwambia atulie, ni mzee wa watu.

Mama Mawingu


18 Machi

Mama Mawingu,

Kazi kwanza. Hamsini na saba. Kutoka arobaini na moja. Nilipoona namba ile nilimwita kila mtu aliyekuwa chumbani, hata mwenye zamu ya kupumzika. Lile pazia la ng'ambo nililitafuta nikijua liko pale, nikashindwa kulitenganisha na mvua. Wajaribu wote wanane wamesema mvua imeongezeka. Umeondoa zaidi ya nusu, watu wameona imeongezeka. Kazi kama hiyo sijawahi kuiona, na sijui nikusifu kwa neno gani.

Tatizo limebaki moja. Mchezaji akisimama, mvua inajaa. Akishambuliwa ghafla akaanza kukimbia, mvua inapungua polepole kama ilivyojaa, na kwa nusu sekunde hiyo namba inashuka hadi arobaini na tisa. Ni ndani ya nusu sekunde hiyo ndipo anapouawa. Ijae polepole, lakini iondoke kwa picha moja. Jicho la mtu aliyeshtuka halitaona.

Sasa jambo la pili. Nimeliandika mara nne na kulichana.

Mimi si mzee. Nina miaka ishirini na sita. Na wala si mwanamume.

Sitini wananiita kwa sababu kila mkutano neno langu ni hilo. Uzee waliniongezea kwa utani, wanasema nagomba kama baba mkwe aliyecheleweshewa chai. Ulipoandika shikamoo mara ya kwanza nilicheka, nikaandika marahaba kwa utundu. Barua ilipoondoka nikashtuka nimefanya nini. Mtu wa umri wa mama yangu ananiamkia, na mimi naitikia. Barua zilizofuata sikuitikia tena, uliona, lakini kukwambia ukweli sikuthubutu.

Na sababu si aibu peke yake. Kabla ya hapa nilikuwa nakagua chupa kiwandani, miaka mitatu, chupa zinapita kwenye mwanga natafuta nyufa. Nikisema hii ina ufa, msimamizi anamwita mwanamume wa mashine ya pili aje kuhakikisha. Kila mara. Wewe ulibishana nami, ukakasirika, lakini hukumwita mtu wa pili. Nikajua ni kwa sababu unadhani mimi ni mzee. Nikataka iendelee kidogo.

Sweta nililipokea kwa uongo. Ukitaka nitalirudisha.

Shikamoo mama. Nisamehe.

Sitini


27 Machi

Shikamoo mama.

Tarehe ishirini na tano nilisimama kwenye ngazi za mbele tangu saa tatu asubuhi. Gari ilikuja, akashuka dereva na sanduku. Ndani kulikuwa na diski, karatasi hakuna. Nilitikisa hadi sifongo ya chini. Dereva hakunitazama usoni, akasema, "Mama amefuta safari." Nimeelewa. Sikulaumu.

Nakuandikia kwa sababu ripoti ni haki yako hata kama mimi hunitaki.

Jumatatu meneja alikuja kuchukua fomu. Nilikuwa nimeandika hamsini na saba, na chini yake, mchezaji akishtuliwa, arobaini na tisa, diski mpya iko njiani. Akaniambia hakuna cha njiani, itakayopelekwa ni ile ya Februari yenye milango miwili, maboksi yake yameshachapwa. Akampelekea mwenzangu fomu nyingine. Mwenzangu ana watoto wawili. Alijaribu bila mvua, akaandika sitini, akasaini huku amenipa mgongo. Mimi nimeambiwa leo ndiyo siku yangu ya mwisho, nipumzike hadi nitakapoitwa.

Kwa hiyo diski yako nimeijaribu leo, mashine ikiwa bado mikononi mwangu. Darajani, mvua, watu sitini na wanne, mechi kumi. Mechi ya kwanza hadi ya tisa: sitini. Haikushuka hata niliposimama nikashtuliwa makusudi kutoka nyuma.

Mechi ya kumi sina namba yake. Namba huwa iko juu, pembe ya kulia, na kwa miaka miwili jicho langu la kulia halijawahi kutoka pale. Mvua ikajaa, nikavuka na wenzangu, tukapigana hadi mwisho wa daraja, tukashinda. Mechi ilipoisha mwenzangu akauliza ngapi. Nikagundua sikuangalia. Nilikuwa nacheza.

Iandike hivyo kama ripoti. Ni ya kwanza ya aina hiyo kutoka kwangu.

Ile milango miwili haihitajiki tena. Mlango mmoja unatosha watu wote.

Sitini


3 Aprili

Binti yangu,

Nianze na yale uliyoyaogopa. Nilikasirika, ndiyo. Siku mbili. Nilipika nikaunguza, mume wangu akauliza nini, nikamwambia yule mzee ni msichana. Akacheka hadi akaushika ule mguu wake. Siku ya tatu nikazipanga barua zako mezani nikazisoma zote upya nikijua ni za nani. Nilitafuta mahali uliponidanganya kuhusu kazi, sikupaona popote. Hasira ikaisha pale pale.

Karatasi haikuwemo sandukuni kwa sababu dereva alikuwa anapiga honi na mimi bado naihamishia mvua diskini. Safari sikuifuta kwa chuki. Nilinyimwa. Nilipoomba kibali cha mwisho meneja alisema hakuna tena haja ya kwenda Chumba cha Majaribio, mambo yameshakamilika. Nilijiuliza yamekamilikaje. Barua yako ya tarehe ishirini na saba ndiyo iliyonijibu.

Tarehe thelathini walikuja wageni watatu, wenye mashine. Meneja aliwasha diski ya Februari, akawaonyesha daraja kwenye jua, sitini, kila mtu anatabasamu. Mimi nilikuwa nimealikwa nikae nyuma nipigiwe makofi kwa ajili ya michoro yangu. Nikasimama.

"Samahani," nikasema, "naomba tuone na mvua."

Meneja akasema muda hautoshi. Mgeni mmoja, mama mfupi mwenye miwani, akasema muda upo.

Hujawahi kuniona nikicheza gemu, na hukosi kitu. Nilichukua padi mimi mwenyewe. Diski ya Februari, mvua, watu sitini na wanne. Nikafa mara sita, kila mara natazama nguzo tupu, kama ulivyoandika. Nikaitoa, nikaweka ya kwetu. Nikafa mara saba. Lakini wote saba walioniua niliwaona. Niliwaambia wageni hivyo hivyo: nimekufa zaidi, lakini sasa ninajua ni kosa langu.

Wakacheka. Kisha nikatoa mfukoni ripoti zako na kuwasomea, tangu ile ya mistari miwili hadi ile ya mechi ya kumi. Meneja alikuwa anatazama zulia. Nilipofika pale ulipobadilisha watu viti, yule mama mwenye miwani aliomba niirudie, akaandika kwenye daftari lake.

Nilipomaliza akauliza, "Huyu mzee wenu ni nani?"

Nikamwambia ni msichana wa miaka ishirini na sita, alikuwa anakagua chupa. Nikamwambia nimefanya kazi hii ya kudanganya macho ya watu tangu yeye hajazaliwa, na hakuna mtu aliyewahi kunikosoa kwa haki namna ile. Nikamwambia leo yuko nyumbani kwa sababu alikataa kuandika namba ya uongo.

Fomu ya mwenzako wameirudisha bila kelele, nimewaomba asiguswe. Gemu imeongezewa wiki sita. Itatoka na diski yetu, mlango mmoja. Meneja amekiri mbele yao kwamba alikosea, na ameahidi kukupigia simu mwenyewe kukuomba radhi. Asipopiga hadi Ijumaa niambie.

Kuna jambo jingine. Kwa toleo lijalo wanataka moto. Msitu mzima unawaka, watu mia moja wanakimbizana ndani yake. Walinikabidhi mimi. Nikawaambia siwezi kuwasha hata kiberiti kabla ya mtu fulani kuniambia kinakula nini, na kwamba mtu huyo asikae mji mwingine akiandikiana nami kwa barua, akae mezani kwangu tangu siku ya kwanza, na neno lake liwe na uzito sawa na langu. Walitazamana, wakakubali. Barua ya kazi wanaichapa kesho, na nimewapa jina lako kamili kama lilivyo kwenye kitambulisho.

Chumba chetu kiko ghorofa ya tatu. Meza yako inatazama ukuta, tutaigeuza. Dereva atapita kwako Jumatatu saa mbili asubuhi. Uwe tayari.

Mama Mawingu